Nimepata 4 kati ya 15 katika jaribio la kwanza: msaada wa kitaaluma chuoni unaanzia kwa nani?

Muulizaji, mwaka wa kwanza

Ndugu wanajukwaa, habari za wakati huu. Ninasoma shahada ya Uchumi katika chuo kimoja hapa Tanzania, na nilimaliza kidato cha sita kwa tahasusi ya HGE (Historia, Jiografia na Uchumi), ambayo hesabu zake zinaishia kwenye BAM, yaani hisabati tumizi za msingi. Katika jaribio la kwanza la hisabati kwa wanauchumi nimepata alama 4 kati ya 15, wakati wenzangu waliotoka EGM (Uchumi, Jiografia na Hisabati) wanaona tunayofundishwa ni marudio tu. Siku za mapokezi tulielezwa kwamba chuo kina washauri wa taaluma, ushauri nasaha, semina na mafunzo ya maktaba, lakini yote yalipitiwa haraka haraka, nami nilitoka ukumbini na karatasi yenye jina la mshauri wangu, basi. Nimekwenda ofisini kwake mara mbili nikakuta mlango umefungwa. Naomba kuuliza: mtu aliye katika hali yangu aanzie kwa nani, na akifika aseme nini? Darasa letu lina watu zaidi ya 300, na ninaogopa mhadhiri asije akanikumbuka kama yule asiyeelewa. Ninasoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo. Nikidisko, yaani nikiondolewa chuoni kwa kufeli, nyumbani hawana uwezo wa kunianzisha upya.

Mhitimu wa Takwimu

Pole sana, mdogo wangu. Hofu hiyo ninaijua, kwa sababu nami nilikaa nayo hadi nikapata sapu (mitihani ya marudio) mbili katika mwaka wa kwanza. Siku niliyopata ujasiri nilikwenda kwa mhadhiri katika saa alizobandika mlangoni za kuonana na wanafunzi, nikamwambia kwamba sielewi somo. Aliniuliza, "Somo lipi, ukurasa upi?" Nikakosa la kujibu, akaniagiza nirudi na hesabu nilizojaribu, hata zikiwa zimekosewa zote. Niliporudi na karatasi zangu hazikupita dakika tano akaweka kalamu kwenye mstari mmoja: kila nilipokutana na (a + b)², nilikuwa ninaandika a² + b², na 2ab yote ninaiacha. Kumbe kalkulasi yenyewe nilikuwa ninaifuata vizuri; kilichokuwa kikiniangusha ni hesabu za mabano za sekondari, ambazo hakuna mhadhiri wa chuo anayerudi kuzifundisha ukumbini. Kwa hiyo usiende na neno "sielewi" likiwa peke yake. Nenda na karatasi ya jaribio uliyorudishiwa, umweleze mahali ulipokwama na ulichokuwa unafikiri ulipofika hapo.

Mhadhiri msaidizi

Ninaongoza semina za somo linalofanana na hilo, hivyo naomba niongeze machache, nikianza na hesabu ya alama. Kama chuo chenu kinatumia mgawanyo uliozoeleka wa 40 kwa majaribio na mazoezi na 60 kwa mtihani wa mwisho, na kufaulu ni 40, basi una alama 85 ambazo bado hazijaguswa, na katika hizo unahitaji 36. Hali hiyo inarekebishika, ila inarekebishika sasa, si wiki ya mitihani.

Msaada ulio karibu nawe kuliko mwingine wote ni semina. Ukumbini mhadhiri hawezi kusimama kwa ajili ya mtu mmoja kati ya 300, lakini semina iliwekwa kwa kazi hiyo hasa, na inanisikitisha kila wiki kuona wanafunzi wanatia sahihi ya mahudhurio kisha wanasubiri niandike majibu ubaoni. Jaribu maswali usiku wa kuamkia semina, halafu uombe kufanya lile lililokushinda mbele ya wenzako.

Kuhusu mshauri wa taaluma, usiende kumbahatisha mlangoni. Mwandikie barua pepe yenye namba yako ya usajili na uombe siku ya kuonana. Asipojibu kwa wiki moja, mweleze Mkuu wa Idara kwa heshima. Fahamu pia kwamba mshauri hatakufundisha hesabu. Kazi yake ni kukuongoza katika kuchagua kozi za hiari, kufuatilia mwenendo wa matokeo yako, na kukuelekeza pale ugonjwa au msiba unapokulazimu kuomba kuahirisha mtihani. Ombi hilo lipelekwe kwa maandishi na ushahidi kabla ya mtihani, kwa maana mwanafunzi anayeleta cheti cha hospitali baada ya matokeo kutoka huwa na kazi ngumu sana ya kusikilizwa.

Mkutubi

Wengi huichukulia maktaba kama mahali pa kukaa kimya tu. Maktaba mpya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyofunguliwa mwaka 2018, ina nafasi ya wasomaji 2,100 kwa wakati mmoja, lakini mwanafunzi anaweza kukalia kiti kila siku asimwulize mkutubi hata swali moja. Kwa shida yako, uliza mambo mawili: mitihani ya miaka iliyopita ya kozi hiyo, na kitabu cha hesabu za msingi kilicho chini ya kile mlichopangiwa. Hicho cha pili wanafunzi huona aibu kukiazima, na ndicho ninachokutakia ukipate kwanza.

Mwanafunzi mwenye uoni hafifu

Kwa wenzangu wenye ulemavu wanaosoma hapa: maandishi makubwa, nukta nundu au muda wa ziada katika mtihani viombwe wiki za mwanzo za muhula, kwa kuwa karatasi huandaliwa mapema.

Muulizaji, mwaka wa kwanza

Nimerudi kutoa mrejesho. Jana nilikwenda kwa mhadhiri nikiwa na karatasi ya jaribio na kurasa tatu za hesabu zilizonishinda. Tatizo langu si mabano, ni vipeo hasi na vya sehemu: x⁻¹ nilikuwa ninaisoma kama namba hasi badala ya 1/x. Amenipa maswali 20 ya kufanya hadi Ijumaa na kunielekeza kwenye kundi la semina la Alhamisi, ambalo lina watu wachache. Mshauri naye amejibu barua pepe; tutaonana Jumatatu saa nne asubuhi. Kitabu cha msingi ninacho mkononi, na jina langu limo kwenye kadi ya kuazima hadi tarehe 18.