Kujihami kabla hujapigwa: sheria inaruhusu?

Mwaka_wa_pili: Wakuu, nisaidieni. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1945, ibara ya 2(4), unakataza nchi kutumia nguvu dhidi ya nyingine. Ibara ya 51 inaruhusu kujihami, ila shambulio la silaha likitokea. Sasa jirani kapanga vifaru mpakani, injini zinanguruma. Nisubiri kofi ndipo ninyanyue mkono?

Mzee_wa_Ibara: Kijana, rudi kwenye meli Caroline. Desemba 1837 askari wa Uingereza walivuka mto Niagara usiku, wakaichoma meli hiyo ya Kimarekani iliyokuwa ikiwasaidia waasi wa Kanada, wakaiachia maji yaisombe ikiwaka moto. Daniel Webster, waziri wa mambo ya nje wa Marekani, akawadai waonyeshe haja ya papo kwa papo, isiyoacha njia nyingine wala muda wa kutafakari. Kipimo hicho kinatajwa hadi leo. Kwangu mimi injini kunguruma tu hakutoshi. Amri ya kushambulia ikishatoka, hapo tuongee.

Bi_Hoja: Na hofu ya miaka ijayo ndiyo haitoshi kabisa! 1981 Israeli ililipua kinu cha nyuklia cha Osirak, Iraki, ikisema inajihami. Baraza la Usalama lililaani kwa kauli moja, azimio 487. Marekani nayo ilipiga kura ya ndiyo.

Mwaka_wa_pili: Duh, hilo la kura sikulijua. Nafuta ukurasa mzima wa insha yangu.

Mzee_wa_Ibara: Ukiandika upya, weka na wajibu wa anayejihami kuripoti kwa Baraza mara moja. Kesi ya Nikaragua dhidi ya Marekani, Mahakama ya Kimataifa ya Haki, 1986: Marekani ilidai kujihami lakini haikuripoti, na majaji waliliona hilo.