Tupeane uzoefu: rami imejaa tele, ila kipande kimoja kikubwa kilichoungana hakipatikani

Kerneli_Kavu: Mbukwenyi wakuu. Jana kwenye seva ya ofisini niliomba kurasa kubwa (vipande vya rami) 200 za megabaiti 2 kila moja, kwa ajili ya hifadhidata. Linux haikulalamika wala nini. Nimerudi kuangalia, imenipa 61 ikanyamaza! Na rami imebaki zaidi ya nusu. Kila ukurasa mkubwa unataka kurasa ndogo 512 za kilobaiti 4 zilizopangana kwenye rami halisi, na seva ilikuwa imewaka miezi. Nani mwingine yamemkuta?

Siti_ya_Dirishani: Ni basi la Dar hilo mkuu. Watu wameshuka Gairo, siti ziko kibao, anapanda mama na watoto watatu wanataka kukaa pamoja. Siti zipo, safu haipo.

Kerneli_Kavu: Na ongeza hii: siti namba 2 na 3 zinafuatana, lakini katikati kuna korido. Kerneli, moyo wa Linux unaogawa rami, nayo ni hivyo hivyo. Inaunganisha jozi zake tu, 0 na 1, 2 na 3. Ukurasa wa 1 na wa 2 hata vikiwa wazi vyote na vinagusana, haviungi kuwa jozi.

Mpimaji_Ipagala: Mambo ya mabasi ni ya kitoto. Hivi ni viwanja. Mtu anataka viwanja 16 vinavyopakana ajenge shule, kumbe vimeshauzwa kimoja kimoja, hapa kuna nyumba, pale kuna msingi. Abiria unamwambia sogea. Aliyejenga unamwambia nini?

Siti_ya_Dirishani: Sasa si ndiyo umenisaidia? Kurasa za programu za kawaida ni abiria, kerneli inazihamisha. Kurasa zake yenyewe nyingi ndizo hizo nyumba zako, hazisogei. Tunasema kitu kimoja, wewe unataka ubishi tu.

Mpimaji_Ipagala: Ubishi nimeanzisha mimi?

Dalali_Nala: Habari zenu. Kuna mtu hapa anatafuta kipande kikubwa kilichoungana? Nala kipo, ekari mbili, hakijakatwa. Karibuni.

Kerneli_Kavu: 😂😂 Kaka soma uzi kwanza.

Zabibu_Chungu: Mmenitonesha kidonda. Niliapa sitalisimulia hili.

Nilitengeneza kimashine cha kuchambua zabibu kwa kamera, mbivu huku, mbovu kule. Bodi ndogo ya megabaiti 512. Kwa ubahili wangu nikaijenga kerneli mwenyewe, nikakuta CMA, yaani eneo la rami la kutolea vipande vikubwa vilivyoungana, imetengewa megabaiti 64. Nikasema huu ni wizi, nikaizima. Nyumbani Nkuhungu nikajaribu wiki sita, safi kabisa. Nikaenda nayo maonyesho ya Nane Nane, Nzuguni, Dodoma.

Siku ya kwanza watu wamejaa bandani. Ya pili, ya tatu, raha tupu. Jioni nafunga programu ya kamera, asubuhi naifungua, bodi yenyewe siizimi, maana nilikuwa najivunia kwamba haijawahi kuzimika. Siku ya nne anakuja mgeni mwenyewe na msafara wake. Nimeshika kichala cha zabibu mkononi, nabonyeza, kioo cheusi. Nabonyeza tena, cheusi. Nimefungua logi mbele za watu: "page allocation failure: order:10", yaani kerneli imekosa kipande kikubwa kilichoungana.

Picha moja ya 1920 kwa 1080, baiti mbili kila nukta, ni baiti 4,147,200. Kipande kikubwa kuliko vyote ambacho kerneli yangu ingeweza kunigawia kilikuwa baiti 4,194,304. Yaani picha moja inameza kipande kizima, na draiva inataka vinne. Rami ya wazi ilikuwa kama megabaiti 190! Nikafungua /proc/buddyinfo, inayohesabu vipande vya wazi kwa ukubwa, safu za mwisho kulia, za vipande vikubwa, zote sifuri. Jasho. Mgeni ananiuliza, "Kijana, zabibu zenyewe zinakula umeme?" Watu wakacheka, mimi nikacheka nao, moyoni nalia.

Mzee mmoja wa banda la jirani, anauza mbegu za alizeti, akasema, "Zima uwashe." Nikazima nikawasha. Ikafanya kazi. Mgeni alishafika banda la mbuzi.

Sasa sikieni kilichoniua. Kwa nini nyumbani wiki sita haikutokea? Kwa sababu nyumbani umeme ulikuwa unakatika karibu kila siku! Bodi ilikuwa inaanza upya yenyewe, rami inapangika upya, mimi najiona mhandisi. Nzuguni kulikuwa na jenereta.

Mwanafunzi_wa_Kudumu: Chai hii, haina hata sukari.

Binti_Kondoa: Si chai. Mimi yalinikuta kwenye kadi ya mtandao, fremu za baiti 9,000, kila moja inataka kurasa 4 pamoja, na inaziomba katikati ya kazi ambapo kerneli hairuhusiwi kusubiri wala kupanga upya. Pole kaka.

Siti_ya_Dirishani: Uzi umetekwa na zabibu rasmi.

Mwanafunzi_wa_Kudumu: Ungeomba rami kwa vmalloc tu, njia nyingine ya kerneli isiyohitaji kipande kilichoungana, yote hayo yangeisha.

Kerneli_Kavu: Mdogo wangu, vmalloc inaunganisha anwani za kufikirika tu. Kamera yake haina IOMMU, kile kifaa cha kuitafsiria anwani, inaona rami halisi ilivyo, vipande vipande. Vmalloc ingemdanganya kichakato, kamera haidanganyiki.

Mpimaji_Ipagala: Weka kroni, kazi ya kujirudia yenyewe, kila saa: echo 1 kwenye drop_caches imwage kashe, halafu echo 1 kwenye compact_memory isogeze kurasa zikae pamoja. Imeisha hiyo.

Binti_Kondoa: Imeisha wapi? Ukimwaga kashe kila saa diski ndiyo italia. Na compact_memory haihamishi nyumba zako za Ipagala, umesema mwenyewe.

Kerneli_Kavu: Kosa la Zabibu ni moja tu, kuzima CMA. Ipo tangu Linux 3.5, mwaka 2012, na wala haili rami bure. Ni siti zilizokatwa tiketi ya kuanzia Kibaigwa. Kabla ya hapo abiria wanaohamishika wanakaa tu. Mwenyewe akipanda, wanainuka.

Zabibu_Chungu: Hili nilielezwa nikiwa nimeshafungasha banda.

Mpimaji_Ipagala: Na wakikataa kuinuka?

Binti_Kondoa: Hutokea, ukurasa ukishikiliwa na mtu. Ndiyo maana mimi kwenye kazi muhimu nashika bafa zangu, nafasi za rami za kuwekea data, mapema mashine ikiwaka, siziachii hadi mwisho. Zabibu, ungeacha kamera wazi usiku kucha ungepona.

Zabibu_Chungu: Nikiweka cma=16M inatosha? Nataka nirudi Nzuguni.

Kerneli_Kavu: Picha nne ni baiti 16,588,800, na megabaiti 16 ni 16,777,216. Inaingia kwa kubanana mlangoni. Weka 32.

Mwanafunzi_wa_Kudumu: Weka 64 ulizozikuta, acha ubahili.

Dalali_Nala: Nimesoma uzi wote sijaelewa. Kwa hiyo ekari mbili hamtaki?