Mji Mkongwe: mtu wa Tanga naambiwa "Jambo, hakuna matata"! Nimechoka!

Wakuu, nimerudi juzi kutoka Unguja na bado nafoka.

Mimi nikifika mji mgeni sipandi gari siku ya kwanza, natembea. Na Mji Mkongwe ndio mji wa miguu: kuna vichochoro ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Raha yake ni kupotea humo, mara unatokea mbele ya mlango wa mbao uliochongwa, una misumari ya shaba. Haya, jaribu kupotea sasa.

Sijamaliza hata hatua ishirini toka geti la bandari, papasi, hawa vijana wanaowaganda wageni wawatembeze, huyu hapa: "Jambo rafiki! Hakuna matata!" Nikamwambia kaka, asante, mimi natoka Tanga hapo ng'ambo. Akajibu, "Pole pole, rafiki." Jamani! Kiswahili cha kwenye fulana za watalii naambiwa mimi, mzaliwa wa Chumbageni! Akanigandia barabara ya Mizingani nzima. Nimesimama kuitazama Beit al-Ajaib, lile jumba la kale la sultani, iliyoporomoka upande Desemba 2020, nataka nisikitike kwa nafasi, yeye ananihubiria kobe wa kisiwa cha Changuu. Mwisho anadai ya soda kwa kunisindikiza. Nani alikuita?

Lakini kilichonimaliza ni pikipiki. Niko Sokomuhogo naelekea Mkunazini, nasikia honi nyuma. Nikabandikana ukutani kama mjusi, na bado usukani ukanikwangua kiwiko, shati likajaa chokaa mgongo mzima. Pole hakunipa. Kanifokea, "Tembea pembeni!" Pembeni ipi? Kichochoro chote ni pembeni!

Mji umo kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2000, tunashindwa kusimika vyuma viwili mdomoni mwa kichochoro? Najua mle wanakaa watu, kuna wagonjwa na mitungi ya gesi, mkokoteni upite. Ila huyu alikuwa anakata njia tu kuwahi Darajani. (Ambako daraja lenyewe halipo siku nyingi, ila hilo si la leo.)

Kulikuwa na mzee kakaa barazani. Nikamwamkia, nikamuuliza njia. Akalitazama shati langu, akasema, "Na wewe wamekubana, mwanangu?" Na wewe! Kumbe tuko wengi. Akaniagizia kahawa, kijikombe cha moto, hakutaka hata senti.

Waliokwenda karibuni, mnatembea saa ngapi mkaachwa kwa amani? Alfajiri? Au nami nichapishe fulana: NATOKA TANGA, NIACHE NIPOTEE?