Mrejesho: Mafumbo ya kuzidisha sehemu

Asanteni sana mlionijibu. Niliuliza nimsaidieje mwanangu: kuzidisha sehemu anajua, ila akikutana na fumbo hajui azidishe au atoe.

Kilichotufungulia njia ni ushauri wa kumtaka aseme kwanza, kabla ya hesabu yoyote: hii ni sehemu ya kitu gani? Tukaanza na shamba lililolimwa 3/4, na 2/3 ya eneo lililolimwa ikapandwa maua. Alichora mstatili, akaugawa safu nne za wima na kutia kivuli tatu. Kisha akaugawa safu tatu za mlalo, akaweka alama penye kivuli katika safu mbili. Vyumba 6 kati ya 12, yaani nusu, sawasawa na 2/3 × 3/4. Alifurahi mno, nami pia!

Nikabadilisha kidogo: maua yamechukua 2/3 ya shamba zima, lililolimwa bila kupandwa ni kiasi gani? Akajibu papo hapo kwamba hapa ni kutoa, 3/4 − 2/3, inabaki 1/12.

Sehemu mchanganyiko (namba nzima pamoja na sehemu, kama 1½) bado zinamsumbua. Kwa sasa anazigeuza kwanza kuwa sehemu guni (namba ya juu ni kubwa kuliko ya chini, kama 3/2), ndipo azidishe.