Naomba ushauri: prodyuza anadai nusu ya nyimbo zangu

Habari zenu wakuu, shikamooni wakubwa. Mimi naimba na gitaa hapa Mwanza, naandika mwenyewe, sina lebo wala meneja, nikikosa shoo za wikendi kule Capri Point narudi kuuza dagaa na mama Kirumba, maisha yanaenda tu.

Sasa mwaka jana nilirekodi nyimbo 3 kwa prodyuza mmoja, nikamlipa laki na nusu kila wimbo, hatukuandikishana popote (najua, msinicheke). Akazipandisha Boomplay na YouTube kwa akaunti yake, eti ya kwangu itachelewa. Mmoja umeanza kusikilizwa ndo ananiambia biti ni yake kwahiyo nusu ya hela ni yake milele. Nimeongea naye mara mbili kiungwana, ya tatu hakupokea simu. Ninacho ni meseji za M-Pesa, voisi noti za melodi kabla sijaenda studio, na daftari la mashairi.

Maswali: naweza kusajili mashairi na melodi COSOTA (ofisi ya hakimiliki) kwa jina langu hata kama biti ni yake? Na nikirudia kurekodi kwa gitaa tupu, anaweza kunizuia?