Dakika 15 mnazoitwika databesi SI za databesi! Mmechoka kusoma logi au hamjui?

Wakuu, heshima kwenu. Nina hasira na sitaificha, mwenye moyo mwepesi apite tu. Mods naomba msiuunganishe na ule uzi wa bando kuisha haraka, huu ni wa watu wa seva.

Kazini kwetu tunahudumia mawakala wa malipo. Asubuhi ya mwisho wa mwezi, watu wamejipanga madirishani, seva kuu ya databesi ikazima puu. Fundi aliyeletwa kwa kazi nyingine kabisa aligusa swichi ya umeme isiyomhusu. Sawa, hayo hutokea, na ndiyo maana tuna seva tatu badala ya moja. Kilichonichefua ni ripoti iliyofuata. Nanukuu: "Huduma ilisimama kwa dakika 15 kutokana na databesi kuchelewa kuhama." Imeandikwa na mkandarasi aliyetufungia mfumo, ikapigwa muhuri, ikasomwa kikaoni, na meza nzima ikanigeukia mimi mtu wa databesi kana kwamba ndiye niliyezima umeme.

Basi tusome logi, maana logi haina posho ya kikao.

Saa 10:14:07 seva kuu inanyamaza. Tunatumia databesi ya PostgreSQL, juu yake kuna Patroni, msimamizi anayeamua seva ipi iwe kuu, na ufunguo wa uongozi unakaa etcd, ghala dogo la kumbukumbu ambalo seva zote hulitazama. Saa 10:14:33 ufunguo unaisha muda kwa kuwa hakuna wa kuuhuisha. Saa 10:14:38 seva ya akiba imeshachukua kiti na inapokea maandishi. Saa 10:14:44 HAProxy, mlango unaopitisha koneksheni za programu kwenda kwenye databesi, imeshaitambua, kila koneksheni mpya inaelekezwa huko. Hiyo ndiyo felova yote, yaani kuhama kutoka seva iliyokufa kwenda ya akiba, mwanzo hadi mwisho: sekunde 37. Programu ya mawakala ikazinduka saa 10:29:32. Kwa dakika 14 na sekunde 48 databesi ilikuwa nzima, imekaa tayari, haina kazi, inasubiri mtu aje aiulize swali.

Muda huo ulikwenda wapi? Msiojua mkae hapa, mnaojua mnivumilie.

Programu ya databesi ikifa peke yake huku mashine iko hai, kerneli ya Linux (moyo wa mfumo endeshi wa mashine) inawatumia wote waliounganishwa taarifa kwamba koneksheni imefungwa. Wanajua papo hapo na wanaunganisha upya. Mashine ikikatwa umeme hakuna wa kutuma taarifa yoyote. Upande wa pili unaona kimya. Na Linux ina subira ya ajabu mbele ya kimya: pakiti isiyojibiwa inatumwa tena, na tena, kila mara ikingoja kwa muda mrefu zaidi, hadi ifike kikomo kinachoitwa tcp_retries2. Thamani yake ya kawaida ni 15, na nyaraka za kerneli zenyewe zinasema hiyo inazaa sekunde 924.6 kwa uchache. Gawanya kwa 60. Dakika 15 na sekunde 24 na ushee. Sasa chukua 10:14:07, jumlisha hizo, uniambie umepata ngapi.

Ripoti ina kurasa tele, michoro ya rangi, jina la kampuni kila ukurasa, na hakuna hata mmoja aliyefanya kujumlisha huko. Mtoto wa darasa la tano angefanya.

Na hapo tulikuwa na bahati. Koneksheni ambayo swali lake lilishapokelewa na sasa inangoja jibu tu, haina pakiti ya kurudia. Hiyo inategemea keepalive, vipakiti vya kupima kama upande wa pili bado uko hai, ambayo kwa kawaida ya Linux inaanza kupapasa baada ya sekunde 7200. Saa mbili! Tena hiyo ni kama aliyeandika programu alikumbuka kuiwasha.

Madevelopa msicheke, zamu yenu inakuja. Programu yetu ni ya Java, inachota koneksheni kwa HikariCP (bwawa la koneksheni zilizofunguliwa tayari), na ukiiacha ilivyo kila nakala ya programu ina koneksheni 10 tu. Zote 10 zilikuwa zimening'inia kwa seva iliyokufa. Ombi jipya likija linangoja sekunde 30, linakosa, linarudisha kosa, wakala anabonyeza tena, ombi lingine linapanga foleni. Kwa nini zilining'inia? Kwa sababu socketTimeout kwenye dereva ya PostgreSQL ya Java ni 0 ukiiacha, na 0 maana yake ni subiri milele. Niliomba hili liwekwe. Liko kwenye barua pepe. Nikajibiwa "tutaliangalia kwenye toleo lijalo." Toleo lijalo limekuja na rangi mpya ya vitufe.

Kuna na hili la HAProxy, ambalo ndilo linaniuma kuliko yote. Mfano wa mipangilio unaokuja na Patroni una maneno haya: on-marked-down shutdown-sessions. Kazi yake ni moja: HAProxy ikiona seva imekufa, inakata koneksheni zote zilizokuwa zikipita kwenda huko, programu inapata kosa palepale na kuunganisha upya kwa seva mpya. Ukaguzi ni kila sekunde 3, ukishindwa mara 3 seva inahesabiwa imekufa. Yaani programu zingeachiliwa ndani ya sekunde kumi hivi, kabla hata ya seva mpya kukalia kiti. Mkandarasi alinakili mfano huo wote, neno kwa neno, mpaka maoni yaliyomo, akaacha maneno hayo. Mstari uleule, nusu yake ya kwanza ipo! Nilipomuuliza akasema "yalikuwa yanakata watu." Eeh, ndiyo kazi yake kukata watu!

Sasa mtauliza, mfumo ulipokabidhiwa hamkuujaribu? Tuliujaribu, na hapa ndipo penye utapeli. Siku ya makabidhiano mkandarasi alisimama mbele ya wakubwa na projekta, akaandika systemctl stop patroni kwenye seva kuu, na baada ya sekunde chache seva ya akiba ikawa kuu. Makofi. Picha za pamoja. Soda na sambusa.

Wakuu, huko ni kuzima kwa hiari. Patroni ikizimwa hivyo inafunga databesi kwa utaratibu, inahakikisha mwenzake amepokea kila kitu, kisha inauachia ufunguo yenyewe. Hakuna kungoja ufunguo uishe muda. Hakuna koneksheni iliyoachwa gizani, kwa kuwa kerneli iko hai na inaaga kila mtu. Ukipima felova kwa njia hiyo umepima zoezi la kubadilishana zamu kati ya walinzi wawili wanaosalimiana. Nani amekwambia seva hufa kwa kusalimiana? Seva hufa kwa umeme, kwa kadi ya mtandao iliyoungua, kwa diski iliyoganda huku mashine ikijibu ping vizuri kabisa. Ukitaka kunipa namba ya felova, chomoa waya. Au kama unaogopa waya, tupa pakiti zote kwa iptables (kizuizi cha mtandao cha Linux), kimya kimya, bila kurudisha jibu, kisha anza kuhesabu kutoka kwenye simu ya wakala na si kutoka kwenye skrini ya Patroni.

Niliomba tuchomoe waya kila robo mwaka, usiku, kwa taarifa. Jibu: "Hatuwezi kuhatarisha huduma." Kwa hiyo tukasubiri fundi wa umeme atufanyie jaribio hilo asubuhi ya mwisho wa mwezi. Hongereni.

Baada ya kikao ikaja suluhisho kutoka juu: "Punguzeni muda wa kugundua uwe sekunde 5." Mtu amesoma mahali kwamba kuna kitu kinaitwa ttl, yaani sekunde ambazo ufunguo wa uongozi unaishi bila kuhuishwa, akaona ni 30, akasema ishushwe.

Kwanza Patroni haikubali ttl chini ya 20. Pili kuna kanuni: chukua loop_wait (mapumziko kati ya mizunguko ya Patroni), jumlisha na retry_timeout (muda wa kujaribu tena) iliyozidishwa kwa mbili, jibu lisizidi ttl. Za kawaida ni 10, 10 na 30, zinalingana sawasawa. Unaweza kushuka hadi 5, 7 na 20, na umeokoa sekunde kama kumi. Kumi, kati ya dakika 15! Na hizo kumi si za bure. Ukiwabana sana, kila etcd inapokwama kidogo seva kuu inashindwa kuhuisha ufunguo na kujivua uongozi wakati haina ugonjwa wowote. Na etcd yetu inakwama, kwa sababu imewekwa diski moja na databesi, na etcd inataka kila andiko lifike diskini kabla ya kusema sawa. Ripoti nzito za mwezi zikianza kusaga diski ile, nayo inahema. Ihamisheni etcd kwanza, ndipo mje na habari za ttl.

Anayedhani felova ya haraka haina gharama akasome yaliyowapata GitHub tarehe 21 Oktoba 2018. Walikuwa wanabadilisha kifaa cha mtandao, mawasiliano na kituo chao kikuu cha data pwani ya mashariki ya Marekani yakakatika kwa sekunde 43. Sekunde 43 tu! Mfumo wao wa kuhamisha MySQL ukafanya kazi yake haraka na kwa usahihi kama ulivyoagizwa: ukapandisha seva za pwani ya magharibi. Mtandao uliporudi, mashariki kulikuwa na maandishi ambayo magharibi haina, na magharibi kumeshaandikwa mengine. Kuyapatanisha kuliwaweka katika huduma mbovu kwa saa 24 na dakika 11. Wale wangevumilia hizo sekunde 43 wangeshinda salama. Na hao ni GitHub, si sisi ambao nusu ya timu ndiyo hiyo hiyo inayoitwa printa ikigoma.

Halafu kwenye kikao hichohicho likapitishwa azimio kwamba felova iwe ya haraka "na bila kupoteza muamala hata mmoja." Nikacheka kimoyomoyo. Kwa sasa replika zetu, yaani seva zenye nakala ya data, hazisubiriwi: seva kuu inamjibu mteja kisha ndipo mwenzake anapokea. Patroni imeruhusiwa kumpandisha mwenye upungufu wa hadi baiti 1048576, yaani megabaiti moja, na megabaiti moja ya miamala midogo ni wakala wengi wenye kelele. Ukitaka isipotee hata shilingi, washa synchronous_mode, na kila muamala utangoja replika ithibitishe. Mtandao kati ya vyumba viwili vya seva ukiwa mzito, kila wakala ataulipia huo uzito siku zote 365. Mimi nasema tulipe, ni fedha za watu zile. Ila mtu aweke sahihi yake kwamba amekubali huo uzito, asije tena na "mbona mfumo umekuwa taratibu".

Ninachotaka kifanyike wala hakihitaji zabuni. Yale maneno ya HAProxy yarudishwe leo. socketTimeout iwekwe namba ya kueleweka, na maswali marefu ya ripoti yapewe koneksheni zao tofauti ili yasikatwe nayo. tcp_user_timeout, kikomo cha kungoja pakiti isiyojibiwa, iwekwe kwenye seva za HAProxy, ili kerneli iache kubembeleza maiti kwa robo saa. Hayo ni mabadiliko ya mchana mmoja, na yanairudisha ile asubuhi yetu kwenye sekunde zisizofika 40 bila kugusa ttl hata kidogo.

NYONGEZA: Mkuu uliyesema "nendeni Amazon mpumzike", nakuheshimu, lakini Amazon wenyewe wanasema RDS yao (databesi ya kukodi) ya kawaida ya kanda mbili huhama kwa sekunde 60 hadi 120. Ile ya replika mbili zinazosomeka ndiyo inashuka chini ya 35. Sisi tulihama kwa 37 kwenye seva zetu zilizochoka. Na programu isiyo na kikomo cha kusubiri itaning'inia huko huko Amazon vilevile, ila kwa dola.

NYONGEZA 2: Kwa aliyeuliza PM kama replika inayotumika kwa ripoti inachelewesha felova: ndiyo, inaweza. Ukiweka max_standby_streaming_delay kuwa -1 ili ripoti zisikatwe, WAL (kumbukumbu ya kila badiliko la data) inapokelewa lakini hairudiwi, inalundikana, na siku ya felova lazima irudiwe yote kabla seva haijakalia kiti, tena na mchakato mmoja tu. Kwetu ripoti tumezipa replika ya tatu, yenye lebo ya nofailover, yaani haipandishwi kuwa kuu. Fanyeni hivyo.

NYONGEZA 3: Mkandarasi kaalikwa tena Jumatatu kuja "kuonyesha maboresho". Nimeomba niwe chumba cha seva wakati anaonyesha. Wakikubali nitarudi hapa na logi. Wakikataa pia nitarudi, na barua pepe zote.