Mjadala: Kwaya ifundishwe mi ya kinanda au mi ya sikio?

Mwalimu wa Sauti: Kinanda kisilie muda wote wa mazoezi. Oktavu, yaani kutoka do hadi do ya juu, ina senti 1200 (senti ni kipimo cha umbali kati ya noti), na kinanda huigawa nusu toni 12 za senti 100 kila moja. Noti ya so haiumii: iko senti 700 juu ya do, wakati iliyo safi ni 702. Shida ni mi. Kinanda kinatoa 400, ila mi inayotulia juu ya do ni 386. Do ikiwa hezi 220 (mitetemo 220 kwa sekunde), mi tulivu ni 275; ya kinanda ni 277.2. Bonyeza do na mi pamoja, sikiliza: sauti inatikisika karibu mara 9 kwa sekunde. Alto wakiizoea hiyo, kodi ya mwisho (noti zinazoimbwa pamoja) haitulii kamwe.

Mpiga Kinanda: Sikubali. Ondoa kinanda uone: ikifika beti ya nne kwaya imeshuka nusu toni nzima.

Mwalimu wa Sauti: Inashuka kweli, lakini usiwalaumu waimbaji kwa uvivu tu. Chukua kodi za do, la, re, so, kisha do. Kila sauti ikishikilia noti yake ya nyuma na kuisafisha, re inatokana na la, nayo inakaa chini ya ile inayodaiwa na so. Ukirudi do umepoteza senti 21.5. Mizunguko minne ni 86. Ndiyo hiyo nusu toni yako, karibu nzima! Mwenye sikio zuri ndiye anayeshuka hapo.

Besi wa Kwaya: Dawa ipo kwetu. Besi waikumbuke so ya kodi ya kwanza na kuirudia ile ile. Wenye re wainyanyue kidogo kodi inapobadilika kwenda so. Mfanye polepole, kwa "nuu", bila maneno. Anayeshikilia re bila kuisogeza anawavuta wote chini.

Soprano: Na ti, noti iliyo chini tu ya do ya juu? Tunafundishwa kuisukuma juu kwa sababu inaelekea do.

Mwalimu wa Sauti: Ikipita haraka kwenye wimbo, sawa. Kodi ya so ikivutwa, hapana: ti tulivu ni 1088, kinanda 1100. Ukiisukuma tena unaharibu.

Mpiga Kinanda: Kwenye ibada bado nitapiga, watu wanahitaji ufunguo. Nitakachokubali ni kuacha mi mkono wa kulia kwenye kodi ndefu. Nipige do na so, mi niwaachie alto.

Besi wa Kwaya: Na besi usitupigie kwa nguvu. Tukikufuata wewe, so ya kwanza tunaisahau.